Fainali ya Kombe la Uingereza, Mwaka 1948

Leo twataka kuwasimulia habari za mchezo mmoja wa mpira uliochezwa Uingereza siku ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili, 1948, katika uwanja wa Wembley, upande wa kaskazini-magharibi wa London. Timu mbili zilizocheza ni Manchester United na Blackpool. Wengi wa wale waliouona mchezo huo walisema baadaye kwamba ni katika fainali bora zilizopata kuchezwa hapo Wembley, nasi twadhani hawakupita kiasi.

Yafaa kwanza tueleze Kombe lenyewe ni kitu gani, kwa maana wako wanafunzi wanaolichanganya na Ligi. Katika Ligi timu hucheza na kila mwenzake mara mbili, na aliyeshindwa leo aweza kujirekebisha kesho. Kombe silo hivyo. Majina ya timu hutiwa pamoja, yakatolewa moja moja kwa kura, na kila jina likitoka hupangwa na lile linalofuata. Atakayeshindwa ametoka, hana nafasi tena hata mwaka mwingine. Kwa hiyo zamani zile timu dogo ya wachimba makaa iliweza kupangwa na timu tajiri ya mji mkuu, na mara moja moja iliishinda, na habari hizo zilizungumzwa miaka mingi. Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1871, na fainali ya kwanza ilichezwa mwaka 1872 mbele ya watazamaji wapatao 2,000 tu. Kombe la kwanza lenyewe liliibwa mwaka 1895 katika dirisha la duka mjini Birmingham, wala halikuonekana tena. Na kwa kuwa haya ni mazungumzo ya radio, tuongeze neno hili: fainali ya kwanza kutangazwa kwa radio ilikuwa ya mwaka 1927, Cardiff City walipowafunga Arsenal goli 1 kwa 0 wakalichukua Kombe kwenda nalo Wales. Mwaka ule wasikilizaji walichapishiwa picha ya uwanja uliogawanywa katika vyumba vyenye namba, ili mtu aliyeketi nyumbani kwake ajue mpira uko wapi.

Sasa turudi kwa Manchester United. Watu hawa walikuja Wembley kama wasafiri wasio na nyumba. Usiku wa tarehe 11 Machi, 1941, ndege za Wajeremani zilitupa mabomu juu ya uwanja wao wa Old Trafford, na jukwaa kubwa la watazamaji likaharibika kabisa. Vita ilipokwisha timu ilikuwapo, lakini uwanja haukufaa kuchezewa. Basi wakaomba mahali kwa jirani zao Manchester City, ambao ndio washindani wao wakubwa mjini, na huko wakacheza hata mwaka 1949. Lakini mgeni hawezi kumfukuza mwenye nyumba. Siku ambayo City wenyewe wana mchezo, United walilazimika kutafuta uwanja katika mji mwingine. Ndivyo walivyocheza na Liverpool katika uwanja wa Everton, wakashinda 3 kwa 0, na Charlton Athletic, waliokuwa wenye Kombe, huko Huddersfield, wakashinda 2 kwa 0. Kabla ya hao walikuwa wamewafunga Aston Villa 6 kwa 4, katika mchezo ambao Villa walipata goli kabla ya robo dakika kwisha! Baadaye wakawafunga Preston North End 4 kwa 1, na Derby County 3 kwa 1 katika nusu-fainali. Timu zote tano hizo zilikuwa za Daraja la Kwanza. Hawakupewa hata mmoja aliye mnyonge.

Aliyewaongoza ni Bwana Matt Busby, Mskochi, mtoto wa mchimba makaa. Baba yake aliuawa katika Vita Kuu ya kwanza. Alipokabidhiwa kazi mwaka 1945 hakuwa na uwanja, wala fedha nyingi. Zamani zile meneja alikuwa mtu wa ofisini, amevaa kofia na tai, na wachezaji walimwona siku ya mchezo tu. Busby alivaa nguo za mazoezi akacheza na vijana wake, akiwaonyesha kwa mguu badala ya kuwaeleza kwa mdomo. Sisi tufanyao kazi ya kuwafundisha walimu twaona jambo hilo ni kubwa kuliko magoli yote tutakayoyataja. Kapteni wake alikuwa Johnny Carey, Mwairishi wa Dublin, mtu mpole aliyepata kucheza karibu kila mahali uwanjani.

Blackpool nao ni mji wa pwani ya kaskazini-magharibi, mahali walipokuwa wakienda wafanya kazi wa viwanda kupumzika na kuogelea. Timu yao ilikuwa haijafika fainali hata mara moja. Lakini walikuwa na watu wawili ambao jina la kila mmoja lilijaza uwanja. Wa kwanza ni Stanley Mortensen, mfungaji, mtu mwepesi kama mshale, ambaye wakati wa vita alikuwa katika ndege ya mabomu ikaanguka naye, akaokoka. Katika nusu-fainali aliwafunga Tottenham Hotspur magoli yote matatu.

Wa pili ni Stanley Matthews. Baba yake alikuwa kinyozi na mpigana ngumi huko Hanley, naye alimzoeza mwanawe kuamka mapema na kufanya mazoezi ya viungo kila siku. Matthews alicheza winga wa kulia. Alikuwa akimjia beki polepole, mpira miguuni, akijifanya kama ataka kupita ndani. Beki akiinama upande huo, yeye amekwisha kupita nje. Kila beki wa Uingereza aliijua hila hiyo, na kila beki alinaswa nayo. Usiku mmoja kabla ya fainali waandishi wa habari za michezo walimpa heshima ya kuwa mchezaji bora wa mwaka, na heshima hiyo ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa. Walakini alikuwa amekwisha kutimiza miaka 33, umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu, na hakuwa na nishani ya Kombe. Watu wengi wasio wa Blackpool walitaka aipate siku ile.

Saa tisa za mchana zikawadia. Watu wapatao 99,000 walikuwa uwanjani, na Mfalme George wa Sita alikuwapo. Jezi za desturi za timu hizi hufanana rangi kwa mbali, basi Manchester wakavaa buluu na Blackpool nyeupe.

Dakika ya 12 Mortensen alikimbia na mpira kuelekea goli, na Chilton, senta-hafu wa Manchester, akamwangusha kwa nyuma. Refa akatoa penalti. Wako waliosema kosa lilitendeka nje ya mstari, na mabishano hayo hayakwisha. Walakini refa ndiye mwenye filimbi. Shimwell, beki wa kulia, akapiga mpira, ukampita golikipa Crompton. Blackpool 1, Manchester 0.

Dakika ya 28 ikaonekana hasara ya kutosemezana. Delaney wa Manchester alituma mpira mbele ya goli. Golikipa Robinson na senta-hafu wake Hayward kila mmoja akadhani mwenziwe atauondoa. Wakati wanangojeana, Rowley akaingia kati, akauinua mpira juu ya Robinson, akauzunguka, akausukuma wavuni kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Moja kwa moja. Lakini dakika ya 35 Matthews alipiga mpira wa adhabu, Kelly akaupata, akampa Mortensen, naye akageuka na kupiga kwa nguvu chini chini. Hata wakati wa kupumzika Blackpool walikuwa wakiongoza 2 kwa 1.

Hapa ndipo twapenda mkae nasi kidogo. Timu inayofungwa katika fainali, saa ikienda, hushikwa na haraka. Mabeki huanza kupiga mipira mirefu isiyo na anwani, mafowadi huanza kulaumiana, na mwenye hasira hupiga miguu ya watu badala ya mpira. Twayaona hayo katika viwanja vya shule kila Jumamosi, wala si watoto peke yao wayafanyao. Manchester waliporudi uwanjani walicheza vile vile walivyocheza mwanzo: pasi fupi, chini ya nyasi, kutoka mtu hadi mtu, kana kwamba magoli ni sawasawa. Robo saa ikapita, ikapita dakika ya 60, na Blackpool bado wako mbele. Ilikuwa vigumu kusema kwamba njia hiyo italeta kitu. Kama mchezo ungalikwisha vile, pengine leo tungaliwaita wajinga waliokataa kubadili mwendo.

Dakika ya 70 Manchester walipewa mpira wa adhabu. Johnny Morris hakungoja. Blackpool walikuwa hawajajipanga, yeye akaupiga mara moja, na Rowley akaja mbio akautia kwa kichwa. Mbili kwa mbili.

Kisha zikaja dakika mbili zilizoamua mambo. Mortensen alivunja ngome akabaki yeye na Crompton. Akapiga. Kama mpira ungaliingia, Blackpool wangaliongoza tena zikiwa zimebaki dakika 10, na Kombe bila shaka lingalikwenda pwani. Crompton akaudaka. Wala hakulala nao akishangilia, aliutoa upesi. Ukamfikia Anderson, Anderson akampelekea Stan Pearson, na Pearson akapiga kutoka mbali kidogo, mpira ukagonga mlingoti wa ndani ukaingia. Kutoka goli moja hadi goli la pili ni pumzi chache tu. Ndiyo dakika ya 80. Dakika ya 82 Anderson mwenyewe akapiga kutoka mbali zaidi, na ikawa 4 kwa 2.

Watu wameuliza mara nyingi, Matthews alikuwa wapi? Wengine wamemlaumu. Sisi hatukubaliani nao. Katika kipindi cha kwanza alimsumbua beki Aston vya kutosha, na goli la pili la Blackpool lilianza mguuni mwake. Lakini katika dakika zile 20 za mwisho mpira ulikuwa wa Manchester, na winga, hata awe stadi namna gani, hawezi kumpiga chenga mtu kwa mpira ambao haujamfikia. Yeye alikuwa mmoja, na upande wa pili walikuwa watano wa mbele waliojuana kama vidole vya mkono: Delaney, Morris, Rowley, Pearson na Mitten. Huyo Delaney, kwa njia, alikuwa amekwisha kupata Kombe la Scotland pamoja na Celtic mwaka 1937, na mwaka 1954 akapata la Ireland ya Kaskazini pamoja na Derry City. Ni wachache mno waliofanya hivyo.

Carey alipanda ngazi akapokea Kombe mkononi mwa Mfalme. Manchester United hawakuwa wamelishika tangu mwaka 1909. Siku chache baadaye timu hizo hizo zikakutana tena katika Ligi, huko Blackpool, na wenyeji wakashinda 1 kwa 0. Wenye Blackpool walicheka kwa uchungu, maana goli hilo moja lingaliwafaa zaidi siku ya Jumamosi.

Twajua baadhi yenu mwataka kusikia mwisho wa Matthews. Mwaka 1951 Blackpool walifika Wembley tena, wakafungwa na Newcastle United 2 kwa 0. Alikuwa na miaka 36, na watu wakasema basi. Mwaka 1953 wakafika mara ya tatu, na wakati zimebaki dakika zipatazo 20 walikuwa wamefungwa na Bolton Wanderers 3 kwa 1. Mara hii mipira ilimfikia. Alimpita beki wake mara kwa mara kwa hila ile ile ya zamani, Mortensen akakamilisha magoli matatu, na katika dakika za mwisho kabisa Matthews akatoa pasi ambayo Perry, kijana mzaliwa wa Johannesburg, aliitia wavuni. Nne kwa tatu.

Waliokuwapo siku ile miongoni mwa wale walioshindwa mwaka 1948 walikuwa wanne tu: Shimwell, Johnston aliye kapteni, Mortensen na Matthews. Johnston akalipokea Kombe kwa Malkia Elizabeth, kisha wachezaji wakawabeba mabegani wawili, Johnston mwenye Kombe, na Matthews mwenye nishani yake, mwenye umri wa miaka 38.