Mazingira Yanavyozifinyanga Galaksi za Redio

Katika kundi la galaksi la Perseus zimo galaksi mbili mashuhuri kwa mawimbi ya redio, NGC 1265 na NGC 1275. Kila moja ina shimo jeusi kitovuni, linalorusha mikondo miwili ya chembe zenye kasi kubwa mno. Hata hivyo maumbo yao hayafanani hata kidogo, na sababu kubwa ni mahali ilipo kila galaksi.

NGC 1265 inakata gesi ya moto ya kundi hilo kwa kasi inayozidi kilomita 2,000 kwa sekunde. Gesi yenyewe ni hafifu kupita kiasi, lakini kwa mwendo huo inatosha kuilaza mikondo nyuma, kama upepo unavyolaza ncha mbili za mtandio wa abiria wa bodaboda.

NGC 1275 imetulia katikati ya kundi, palipo na gesi nzito zaidi. Mikondo yake imechimba mapovu makubwa ndani ya gesi, na darubini ya eksrei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, imeyaonyesha waziwazi. Hapa ndipo penye kiini cha mada hii, kwa sababu athari inakwenda na kurudi. Gesi ikipoa huzama kitovuni na kulilisha shimo jeusi. Shimo likipata chakula hurusha mikondo. Mikondo huipasha gesi joto tena, na chakula kikapungua. Hivyo gesi inayoizunguka galaksi inaamua umbo lake, na pia inaamua lini iwake na lini ipoe.

Mwaka 1974 Bernard Fanaroff na Julia Riley walizigawa galaksi za redio katika aina mbili: zinazong'aa zaidi karibu na kitovu, kama M87, na zinazong'aa zaidi kwenye ncha, kama Cygnus A. Ni kosa kuusoma mgawanyo huo kama kipimo cha nguvu ya shimo jeusi pekee. Mkondo unaozoa gesi nyingi njiani hupungua kasi na kufifia mapema. Cygnus A nayo imezungukwa na gesi nzito inayoyabana mawingu ya redio yanayojazwa na mikondo yake. Yasipotanuka upesi, nishati haipotei haraka, na mng'ao unazidi ule ambao ungeonekana kama ingekuwa mahali patupu.

Barani Afrika, darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64 katika eneo la Karoo, ilitoa mwaka 2020 ushahidi mwingine kwamba gesi huyaunda maumbo hayo. Galaksi PKS 2014-55 ina umbo la X, na maumbo ya namna hiyo yalikuwa yakihusishwa na shimo jeusi lililogeuza mwelekeo, au na mashimo mawili. Picha za MeerKAT zilionyesha mata ikirudi kutoka kwenye ncha za mikondo kuelekea kitovuni, ikigonga gesi ya galaksi yenyewe na kupinda pembeni. Mikono miwili ya ziada ilitokana na mgongano huo, bila kuhitaji shimo la pili.