Karama Asimame Ukumbini



Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909. Siku hiyo shule imefungwa. Basi tumwadhimishe muhula ufunguliwapo, wala si kwa hotuba kama hii. Kisomwe kitabu chake Kusadikika kwa sauti, na shauri la Karama lichezwe hapa ukumbini.

Mimi nilikisoma kwa ajili ya mtihani tu. Miaka mingi baadaye, kazini, mwenzangu alileta wazo jipya akazomewa kikaoni. Nami, na shahada yangu, nikainamisha kichwa. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, akajitetea mbele ya mfalme.

Vijana, mchezeni Karama. Majivuno, mshtaki wake, tuachieni sisi wakubwa; mazoezi tumekwisha kufanya.