HESABU YA WASAFIRI NA MANENO YA WATU BAADA YA AJALI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mwanza)



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo mji wetu wa Mwanza umelijua kuliko miji mingi: namna habari zinavyoenea, na namna watu wanavyozipokea, baada ya gari moshi kuanguka au chombo kuzama. Sisi makarani hupenda kusema kwamba habari ni kazi ya magazeti na redio, na ajali ni kazi ya mafundi na manahodha. Nia yangu ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu, nayo huanza kabla filimbi ya safari haijapigwa.

Nitaanza na gari moshi. Tarehe 24 Juni 2002, gari moshi la abiria la Shirika la Reli, lenye watu zaidi ya 1,200, lilikuwa likipanda mwinuko huko Igandu, katika Mkoa wa Dodoma. Breki zikashindwa, gari likarudi nyuma, likateremka kwa kasi, likagongana na gari la mizigo lililokuwa katika njia ile ile. Waliokufa walikuwa 281. Habari za kwanza zilitaja watu karibu 200, kisha hesabu ikapanda. Njia ile ndiyo ipitayo Dodoma ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikaletwa hapa Mwanza mwaka 1928. Basi gari likianguka Ugogo, kilio chaweza kusikiwa Usukumani. Na kila nyumba yenye msafiri hutaka kujua neno moja tu, nalo ni jina. Gazeti likisema mia mbili, au likisema mia tatu, mama hajajibiwa. Wako waliozikwa Dodoma bila kutambuliwa, na kwa jamaa zao jibu halikuja kamwe.

Miaka sita kabla ya hapo tuliyaona hayo hapa kwetu, na chombo kilikuwa cha Shirika hilo hilo la Reli. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imepimwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, nayo peke yake ilikwisha kuzidi kipimo. Daraja la tatu, ambalo ndilo la watu wengi na wenye fedha kidogo, halikuwa na orodha. Nawaomba mlitafakari jambo hilo, maana ndilo chanzo cha maneno yote yaliyofuata.

Redio ilitangaza, magazeti yakachapa, na kila moja likawa na hesabu yake. Habari za kwanza zilizofika ng’ambo zilitaja mia tano. Baadaye Serikali ikataja 894. Na wako waliosema elfu. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wapiga mbizi waliletwa hata kutoka Afrika Kusini. Maiti zililetwa mjini, jamaa wakapita katikati yake wakitafuta nyuso, na wengi wakazikwa pamoja Igoma. Tena palikuwa na habari ya wale waliosikiwa wakigonga ndani ya meli: ubavu ukatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Jambo hilo limesemwa sokoni na vilabuni miaka mingi, kila mtu akiongeza lake.

Wako wakubwa waliochukizwa na maneno ya watu, wakasema kwamba watu wetu wanapenda uvumi. Mimi siwezi kukubali hivyo. Wahenga walisema, “Lisemwalo lipo, kama halipo laja.” Lakini nauliza, lisemwalo hutoka wapi? Hutoka mahali ambapo jibu lilipaswa kuwapo lisiwepo. Mtu aliyesimama langoni pa bandari tangu alfajiri, akauliza kama ndugu yake alipanda, akaambiwa angoje, kisha akaambiwa angoje tena, hana budi kumsikiliza yeyote atakayempa neno. Na mwandishi wa gazeti naye yu vivyo hivyo. Hawezi kuandika hesabu iliyo bora kuliko daftari la karani.

Tazameni sasa mfano wa kinyume chake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika kuokoa. Wakubwa wa mkoa walitangaza kwamba waliookolewa ni 26. Kisha ikatangazwa kwamba waliokufa ni 19. Watu wakajumlisha wakapata 45, na ndege ilikuwa na watu 43. Maswali yakawa mengi siku ile ile. Lakini kwa kuwa orodha ya majina ilikuwapo, kosa halikuishi: ilisemwa waziwazi kwamba waliopona ni 24, na hesabu ikatulia. Orodha haikuzuia ajali wala machozi, lakini iliuzuia uvumi usizeeke.

Labda mtu atasema, “Ndege ni ya watu wachache, lakini kivuko kina haraka na wasafiri ni wengi.” Hayo ni kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ilielezwa kwamba aliyekuwa akikata tikiti alikufa maji, na mashine yake ikapotea pamoja naye. Basi hesabu yote ya safari ilikuwa ndani ya chombo kilichozama. Giza lilipoingia kazi ya kuokoa ilisimamishwa, na watu wakalaumu. Tarehe 22 akatolewa mtu mmoja akiwa hai. Nani baada ya hapo angewaambia watu kwamba hawana haki ya kuuliza?

Ndugu zangu, wahenga walisema pia, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Ikiwa mali ni hivyo, mtu je? Ninyi mnaokaa mezani mnajua yanayofuata. Mjane huja kuomba cheti cha kifo, naye hana kaburi wala jina katika orodha. Eda yake haina siku ya kuanza. Mirathi husimama, ada ya watoto husimama, mdai huja mlangoni. Maneno ya magazeti huisha baada ya juma moja, lakini safari ya mjane kwenda ofisi na kurudi huendelea miaka.

Kwa hiyo naleta mambo manne kwenu. La kwanza, kila apandaye aandikwe jina, hata mtoto wa mgongoni, na hata alipaye wakati ngazi inavutwa. Na kipimo kikijaa, karani aseme kimejaa, ingawa anayeomba nafasi ni mkubwa. La pili, nakala ya orodha ibaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka. La tatu, ajali ikitokea, awepo mtu mmoja wa kusema na watu kwa saa zilizowekwa, aseme linalojulikana na akiri lisilojulikana, na majina yabandikwe ubaoni jamaa wakiisha kuambiwa. La nne, sisi wenyewe tusipeleke picha za maiti kwa simu zetu, wala maneno ya ofisini yasiyothibitishwa.

Sisemi kwamba kalamu ingalizishika breki za Igandu. Lakini mtu wa daraja la tatu hulipa nauli yake kwa jasho, na katika nauli ile imo haki ya kuhesabiwa. Asiyehesabiwa akiwa hai ni vigumu kuhesabiwa akiisha kufa. Kazi hiyo ndogo, isiyoandikwa na gazeti lolote, ni yetu. Tuifanye kila siku, hata siku ambazo ziwa limetulia.