MAUA HUANZIA KWENYE DAFTARI

(Mazungumzo ya kamati ya bustani mbele ya wanachama na wageni, sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Bariadi, Mei 2025)





Sisi wa kamati ya bustani tumepewa dakika chache, na tutajitahidi tusizipite, maana kikundi hiki kina faini. Maua mnayoyaona hapa mezani, pale mlangoni na shingoni kwa Mgeni Rasmi yametoka kwenye bustani yetu wenyewe, kwa mbegu zetu wenyewe. Hakuna la plastiki hata moja. Wengi mmetuuliza tangu asubuhi tumefanyaje. Basi tutaeleza, na tutaanzia pale tuliposhindwa.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 kwa kuweka hisa na kukopeshana. Mwaka 2017 tukafiwa na mwenzetu wa kwanza. Mfuko wa jamii ulitoa sanda, chakula na shada moja la maua ya plastiki lililonunuliwa mjini. Tuliporudi kusafisha kaburi baada ya mvua, shada lile lilikuwa limepauka, limebaki waya na vitambaa vilivyochanika. Tulisimama pale tukiona aibu, hakuna aliyesema neno. Tuliporudi kwenye mkutano, katibu alifungua daftari akatusomea fedha zilizotoka kwa ajili ya maua ya plastiki, ya misiba na ya kukodi kwa harusi. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani.

Ndipo likaja wazo la bustani. Si wote walilipokea. Wenzetu walisema, "Maua hayaliwi." Hoja hiyo hatukuidharau, wala leo hatuidharau. Mkoani kwetu mvua ikikatika mwezi mmoja tu, mahindi yanakauka na pamba inadumaa. Mama anayechota maji mbali ana haki ya kuuliza kwa nini ndoo imwagwe kwenye ua. Hivyo tulikubaliana mambo mawili: hisa za mtu zisiguswe, na mbegu zinunuliwe kwa fedha za faini za kuchelewa mkutanoni. Kwa hiyo ninyi mliokuwa mkichelewa, bustani hii ni yenu hasa.

Mwaka wa kwanza tulishindwa vibaya. Desemba 2017 tulinunua pakiti tukazimwaga zote siku moja, tukiimba. Mvua kubwa ya usiku ikazifukia mbegu ndogo. Zilizoota zikakutwa na kiangazi kile cha kati cha Januari na Februari, ambacho kila mkulima wa hapa anakijua. Zilizobaki zikaliwa na mbuzi. Mwisho wa yote tulibaki na mashina kumi na moja. Mkutanoni watu walicheka, na wengine walikasirika, maana fedha ni fedha hata kama ni ya faini. Ilitakiwa kura ya kuifunga kamati.

Kabla kura haijapigwa, mama mmoja mtu mzima, mwenzetu tangu siku ya kwanza, akasimama. Alisema, "Pamba mnaipanda kwa kalenda. Maua mmeyapanda kwa furaha. Mnategemea nini?" Akaketi. Kura haikupigwa, na kamati ikapewa msimu mmoja zaidi. Kuanzia hapo kazi yetu ilianza kwa kalamu kabla ya jembe. Hayo ndiyo tunayotaka mwende nayo nyumbani.

Kwanza, taja siku unayotaka maua, kisha hesabu kurudi nyuma. Zinia huchanua wiki nane hadi kumi baada ya kupandwa. Marigodi fupi huhitaji wiki saba au nane, ile ndefu huhitaji zaidi. Sherehe yetu ni Mei, kwa hiyo marigodi ndefu tuliisia mwishoni mwa Februari, na zinia wiki ya kwanza ya Machi, mvua za masika zikiwa karibu. Anayetaka maua ya harusi za Julai, baada ya mavuno, apande mwanzoni mwa Mei na ajue tangu siku hiyo maji atayapata wapi. Aidha, usipande mbegu zote pamoja. Zigawe mafungu matatu, fungu moja kila baada ya wiki mbili. Fungu moja likiharibika, mawili yapo. Nani kati yetu huweka akiba yake yote kwenye mkopo wa mtu mmoja?

Pili, chagua mahali. Maua haya yanataka jua karibu kutwa nzima, na yawe jirani na maji. Sisi tulianza na kipande cha hatua kumi kwa sita, tusikizidishe kabla ya kukimudu. Udongo wa mbuga, ule mweusi, huganda ukiloa na kupasuka ukikauka. Ukiwa nao, inua matuta, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Ukiwa na luseni, yaani kichanga chetu, maji yanapita upesi, kwa hiyo ongeza samadi na tandaza nyasi kavu juu. Samadi mbichi inaunguza miche, tumeliona hilo kwa macho. Kosimosi yenyewe usiipe mbolea nyingi, itakupa majani tele na maua machache. Halafu uzio. Minyaa inafaa dhidi ya mbuzi, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, watoto wasichezee. Kuku wanahitaji miiba ya chini au wavu.

Tatu, chora bustani kwenye karatasi. Ndefu zikae nyuma: alizeti, kosimosi, marigodi ndefu. Katikati weka zinia na selosia, ile ambayo kichwa chake hufanana na upanga wa jogoo. Mbele kabisa weka marigodi fupi. Kwa upande wa rangi, tulijifunza kwamba kuchanganya kila rangi kila mahali kunachosha macho, bustani inaonekana kama mitumba iliyomwagwa sokoni. Panda kila rangi kwa fungu, mashina matano au saba pamoja. Nyekundu, machungwa na njano zinakaa vizuri jirani. Ukifika kwenye zambarau au waridi, weka nyeupe katikati zipumue. Ni kama kuchagua kitenge na kilemba, mnayajua haya kuliko sisi.

Nne, kusia. Kwa kitalu tulipima debe moja la udongo, moja la samadi iliyooza na moja la mchanga, tukachekecha. Mbegu ndogo kama za selosia zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, uzifunike kidogo sana. Zinia izame kama nusu ya ukucha. Alizeti izame pingili moja ya kidole, na ipandwe palepale itakapokaa, pamoja na kosimosi, maana hazipendi kuhamishwa. Weka kivuli cha nyasi juu ya kitalu, ukipunguze miche inapoota. Zinia na marigodi huanza kuonekana ndani ya wiki moja. Miche ikiwa na majani manne ya kweli, ihamishe jioni pamoja na udongo wake, na uipe nafasi ya shubiri moja na zaidi. Usiionee huruma miche iliyosongamana. Ing'oe ya ziada, umpe jirani.

Ikifika kimo cha shubiri moja, kata ncha ya zinia na marigodi. Mkono utasita, lakini shina litatoa matawi, na penye ua moja utapata sita. Maua yaliyonyauka yaondoe, mengine yaje.

Maji mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Zinia ikiloweshwa majani kila jioni hupata ukungu mweupe kama unga. Msidhani ni sisi tu tuliosumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2015 wanaanga walikuza zinia kwenye kituo cha kimataifa kilichoko angani, maji yakazidi, ukungu ukaingia. Mmarekani Scott Kelly aliomba aachiwe kuimwagilia kwa kuitazama mimea yenyewe, si kwa ratiba iliyoandikwa. Januari 2016 ua likachanua. Kwa hiyo, pamoja na kusifu daftari, tunasema pia: tia kidole kwenye udongo kabla ya kuinua ndoo. Sisi hutumia maji ya kusuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi, na hakuna mama aliyeongezewa safari ya kisimani.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni kutunza mbegu. Chagua mashina bora kabisa, uyafunge uzi, na usiyakate maua yake hata harusi ikija. Hapo ndipo uvumilivu unapopimwa! Vichwa vikikauka rangi ya kahawia, vichume siku ya jua, vianike kivulini wiki moja au mbili, pukuchua, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika jina, rangi na tarehe, halafu weka ndani ya mkebe mahali pakavu. Zitafaa miaka miwili au mitatu. Ila pakiti iliyoandikwa F1 ni mbegu chotara, watoto wake hawatafanana na mama. Na zinia za rangi mbalimbali zikikaa karibu huchavushana na nyuki, kwa hiyo anayetaka nyekundu tupu aitenge mbali.

Ndugu zangu, mbegu tunazikopesha kama fedha. Anayekopa kijiko kimoja anarejesha viwili, na katibu anaandika. Hatujanunua pakiti ya zinia tangu mwaka 2019.

Mtatuuliza, basi faida ni nini? Tunapamba harusi, na mapato yake yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, hatutairudia hapa. Lakini kuna jambo ambalo halimo katika taarifa ile.

Mei 2021 yule mama wa kalenda aliaga dunia. Alikuwa ametunza mbegu za marigodi kwa misimu miwili, na bahasha zote ziliandikwa kwa mwandiko wake, mwandiko alioupata kwenye elimu ya watu wazima. Asubuhi ya mazishi tuliingia bustanini kabla ya jua. Tulikata marigodi zake, tukakata zinia nyeupe, tukafunga mashada kwa kamba za katani. Mfuko wa jamii haukutoa hata senti moja ya maua. Fedha ile iliongezwa kwenye ada ya mjukuu wake aliyekuwa anaishi naye. Baadaye tulisoma kwamba zinia, kosimosi na marigodi asili yake ni Meksiko, na kwamba watu wa huko hupamba makaburi kwa marigodi kila mwanzo wa Novemba kuwakumbuka marehemu wao. Sisi hatukulijua hilo. Tulikata tu yaliyokuwa yamechanua, na yalikuwa yake.

Mashada yale yalinyauka siku ya tatu, kama maua yote. Mvua ilipokuja, vichwa vilivyoachwa pale kaburini viliota. Anayepita njia ile hadi leo ataona njano.

Mama Mwenyekiti, tunamaliza kwa ombi moja. Katika meza ile ya mlangoni kuna bahasha, moja kwa kila mwanachama. Ndani mna kijiko kimoja cha zinia na kimoja cha marigodi. Chukueni, tieni sahihi kwa katibu. Msipande kesho kwa furaha. Kaeni kwanza na kalenda. Mwaka kesho siku kama ya leo, kila mtu alete vijiko viwili vya kila aina, ili wanachama wapya wa Maswa, Itilima na Busega waliotutembelea leo nao wapate pa kuanzia.

Atakayechelewa kurejesha, faini ipo palepale. Nayo tutaipeleka kwenye wavu wa kuku.