Mmea wa Taji la Miiba



Mjane mmoja aliniletea chungu cha mmea uitwao taji la miiba, ambao asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Mmea huu hupenda jua jingi na maji machache. Mimi niliumwagilia kila siku kwa upendo; mizizi ikaoza, ukafa.

Alipoona chungu kitupu, alisema kwa upole: “Padre, hata tulipomzika mume wangu ulinimwagia maneno mengi. Nilitaka ukae nami tu.”

Ndugu zangu, Mama Maria alisimama karibu na Msalaba, na Injili haitaji hapo neno lake hata moja. Juma hili tumtembelee mfiwa, tukae naye kimya. Amina.