Deni Katika Daftari la Mama Lishe



Kitabu cha Ezra, sura ya 3, chatupa habari za Wayahudi waliorejea kutoka uhamishoni Babeli. Siku msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wengi walishangilia. Lakini wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza walilia. Vilio vikachanganyika na vigelegele, msikiaji asiweze kuvitenganisha.

Machozi ya namna hiyo yapo hata hapa Kinondoni. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walipohamishwa kutoka kandokando ya barabara, mama lishe wengi nao waliondoka na masufuria yao. Wateja wao wakaingia katika migahawa mipya. Humo viti vina mito, na bei imeandikwa ukutani. Wali umeiva vema, samaki amekaangwa vizuri. Hata hivyo mlaji huinuka akinung'unika: "Si kama kwa mama."

Je, tunalilia nini? Si mchuzi peke yake. Kwa mama lishe, kibarua wa ujenzi alikula Jumatatu akalipa Jumamosi. Aliandikwa katika daftari, wala hakuaibishwa mbele ya wenzake. Hata jina la mama ntilie latokana na ombi la mwenye njaa: mama, nitilie.

Lakini, ndugu zangu, daftari lile lilikuwa na madeni. Wapo wanaomsifu mama yule kila wanapokula kwingine, nao hawajamlipa sahani za mwezi wa mwisho. Kibanda kilipoondolewa, walihesabu kwamba na deni limeondolewa. Sifa hazijazi sufuria. Mchele ule naye aliukopa dukani, na mwenye duka alidai chake.

Tena tusimtwike lawama binti anayetuhudumia leo mgahawani. Yeye hakubomoa kibanda cha mtu. Mama lishe naye hakutujua siku ya kwanza. Alitujua kwa sababu tulirudi, tukasalimiana, tukajuliana hali.

Basi juma hili, mwenye kudaiwa amtafute mama yule huko alikohamia, amlipe, kisha ale tena kwake. Na wewe uliyeketi katika mgahawa mpya, ukimwona kibarua mlangoni akihesabu sarafu zake, mwite binti yule umwambie kwa sauti ya chini: "Mtilie na yule, nitalipa mimi."

Bwana awabariki. Amina.