SHEPA NYUMBANI KWA FUNDI
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa mashini, katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme habari za shepa, na hasa kwa ajili ya wenzetu walionunua shepa za zamani, au wanaotaka kuzinunua, wakaziweke katika kibanda nyuma ya nyumba. Jambo hili si la mchezo. Wengi wetu tumeona viwanda vikiziondoa shepa na kuleta mashini za milingi, na baadaye mashini zinazoendeshwa kwa kompyuta. Shepa hutolewa nje ikanyeshewa na mvua, kisha huuzwa kwa uzito kama chuma chakavu. Na pengine mwezi huo huo fundi aliyekuwa akiiendesha hupewa barua yake. Hukutana nayo nje ya lango, na hapo ndipo fikira ya kuinunua humjia.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mtu anayepunguzwa kazini alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Basi aliyetumika miaka 20 ana haki ya mshahara wa siku 300, mbali na notisi na haki zake nyingine. Kwa wengi wetu hizo ndizo fedha nyingi kuliko zote tutakazoshika kwa mara moja. Kabla hazijatoka mkononi, yafaa mtu ajue anunua nini.

Kwa ndugu wa idara nyingine ambao hawajaisimamia: shepa ni randa ya chuma. Ina mkono mkubwa unaokwenda mbele na kurudi nyuma, na mwisho wa mkono huo kuna kisu kimoja tu. Mkono ukienda mbele, kisu kinaranda. Ukirudi nyuma, kisu kinainuka kidogo kwa kijilango chenye bawaba, kisije kikasugua kazi. Wakati huo huo meza inasogea upande kiasi cha unywele, kwa gurudumu dogo la meno na kidole kinacholisukuma. Basi mstari kwa mstari chuma kinakuwa tambarare. James Nasmyth, Mskoti, ndiye aliyeitengeneza katika mwaka wa 1836, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana.

Ukiitazama kwa makini utaona kwamba mkono hurudi upesi kuliko unavyokwenda. Ndani kuna gurudumu kubwa lenye pini, na pini hiyo inatembea katika mwanya wa wenzo mrefu. Kwa kawaida kwenda huchukua sehemu 3 za wakati, na kurudi huchukua sehemu 2. Ilifanywa hivyo kusudi, kwa sababu mkono ukirudi haukati kitu, na tajiri hapendi wakati upite bure. Likumbukeni jambo hili la kurudi upesi, maana nitalirudia nikifika kwenye vidole.

Sasa, kwa nini shepa imfae mtu wa nyumbani, na kiwandani wameikataa? Kiwandani waliikataa kwa sababu ni polepole. Milingi hula chuma wakati wote, nayo shepa hula mwendo mmoja na kupumzika mwingine. Lakini kisu cha milingi chenye meno mengi ni ghali, na kikiwa butu huwezi kukinoa vema kwa mkono. Kisu cha shepa ni kipande cha pua ngumu, ile ya hai-spidi, cha unene wa robo tatu ya nusu inchi au nusu inchi. Unakinoa mwenyewe kwenye jiwe, umbo ulitakalo, kwa dakika tano. Kikivunjika, unanoa kilichobaki. Mtu asiye na fedha za kununua visu kila mwezi, shepa itamvumilia, na milingi haitamvumilia.

Tuanze na kununua. Shepa hupimwa kwa urefu wa mwendo wa mkono. Ya inchi 7 yaweza kukaa juu ya benchi imara, na mota ya theluthi moja au nusu ya nguvu ya farasi yaitosha. Ya inchi 18 ni mzigo wa winchi na lori, wala si wa mabega ya vijana wanne, na sakafu ya kibanda cha mabati haitaibeba. Mtu asinunue kubwa kwa sababu bei ya chakavu ni ndogo. Tena tazama mota. Mashini nyingi zitokazo viwandani zina mota ya nyaya tatu za umeme, na nyumbani tunao umeme wa volti 240 wa laini moja. Hesabu bei ya mota nyingine kabla ya kupatana.

Ukienda kuitazama, usidanganywe na rangi mpya. Shika mwisho wa mkono, uusukume juu na chini, kushoto na kulia. Ukicheza kidogo, pengine vipande vya kubana vyaweza kukazwa. Lakini fungua mkono mbele kabisa na nyuma kabisa, na ujaribu tena katikati. Kama katikati unacheza na mwisho unabana, njia zenyewe zimelika, na kuzikwangua upya ni kazi ya majuma mengi. Zungusha gurudumu kubwa kwa mkono mzunguko mzima, ukihesabu meno yaliyovunjika. Mwisho tazama kijilango cha kisu: kiinuke bila kusukumwa, lakini kisiyumbe upande. Kijilango kikiyumba, hutapata uso laini hata ukinoa kisu kwa sala.

Kunoa ndiko kazi yenyewe, na wale waliotoka kwenye lezi hukosea hapa. Kisu cha lezi huliwa upande wakati wote kwa sababu kinasogea huku kikikata. Kisu cha shepa hakisogei kikikata. Meza husogea wakati wa kurudi. Kwa hiyo hakihitaji nafasi kubwa chini ya makali: digrii 3 au 4 zatosha. Ukikinoa kama cha lezi, makali yanakuwa membamba, nayo yanapigwa kila mwendo kama tindo, yanamegeka. Kwa sababu hiyo hiyo msitie kabaidi. Ni ngumu lakini haivumilii kugongwa. Na kisu kitokeze nje kidogo iwezekanavyo. Kisu kirefu hutetemeka, na kazi huwa na mawimbi kama bati la paa.

Habari za mwendo kasi, iko hesabu nyepesi ambayo mafundi wa zamani waliitumia. Chukua kasi ya kukata kwa futi katika dakika, uzidishe kwa 7, ugawanye kwa urefu wa mwendo kwa inchi. Chuma laini kwa kisu cha hai-spidi huchukua kiasi cha futi 80, na chuma cha kusubu futi 60. Basi ukiranda chuma laini kwa mwendo wa inchi 6, 80 mara 7 ni 560, gawanya kwa 6, wapata kama mara 93 katika dakika. Hiyo ndiyo hesabu ya mashini nzima yenye afya. Kwa mashini ya zamani iliyo juu ya benchi, anza na nusu yake, usikilize. Urefu wa mwendo nao uzidi urefu wa kazi kwa robo tatu ya inchi: nusu inchi kabla ya kisu kuingia, ili kijilango kipate kushuka, na robo inchi baada ya kutoka.

Nataka kuwapa mfano wa kazi inayolipa. Kinu cha posho kimesimama kijijini kwa sababu ufunguo wa puli umekatika na mfereji wake umepanuka. Mwenyewe huleta puli mpya iliyotobolewa tundu la inchi 1, bila mfereji. Kwa tupa ni kazi ya nusu siku, na mara nyingi huenda kombo. Kwa shepa, unafunga puli imara mezani, unatia kipande kinene cha fito mahali pa kisu, na mwisho wake kisu kidogo cha upana wa ufunguo. Hapa kijilango kifungwe kisiinuke, ama sivyo fito itagonga ndani ya tundu. Kwa mhimili wa inchi 1, ufunguo kwa kawaida ni wa robo inchi, nusu ya kimo chake ndani ya mhimili na nusu ndani ya puli. Ndiyo kusema unakata kina cha thumuni ya inchi, yaani sehemu 125 za elfu. Ukishusha sehemu 3 kila mwendo, ni miendo kama 42, na michache zaidi bila kushusha ili fito inyoke. Kukata ni dakika chache. Kupanga na kupima ndiko nusu saa. Lakini pimeni ufunguo wenyewe, msiamini kitabu. Mota nyingi siku hizi zina vipimo vya milimita, na ufunguo wa milimita 6 katika mfereji wa robo inchi utagongagonga mpaka ukatike tena, na lawama itakuja kwako.

Sasa vidole. Katika karakana moja ambayo sitaitaja, nilimwona kijana akipangusa maranda ya chuma kwa kitambaa huku mkono ukirudi. Alidhani kwamba mkono ukirudi nyuma hakuna hatari. Alihesabu mwendo wa kwenda, akafikiri wa kurudi ni sawa nao, kumbe ni mfupi zaidi. Mkono ulikuja mbele tena kabla hajaondoa chake. Alipoteza vidole viwili. Shepa haizunguki wala haipigi kelele nyingi, na mtu huizoea kama mtu anavyozoea cherehani. Maranda yapanguswe kwa brashi, mashini ikiwa imesimama.

Mambo mengine nitayasema upesi. Zungusha mwendo mmoja mzima kwa mkono kabla ya kuwasha. Ondoa mpini wa kupangia urefu wa mwendo. Ukisahaulika ndani, unazunguka na mashini. Katika jiliwa, yaani vaisi, taya lisilosogea lipokee msukumo wa kisu. Weka bati mbele, maana maranda hurushwa yakiwa ya moto. Mkanda uwe na kifuniko. Na upande wa nyuma ndio unaosahauliwa zaidi: mkono hutoka nyuma ya mashini kila unaporudi. Ukiweka shepa karibu na ukuta, na mtoto akapita hapo kutafuta mpira wake, mkono hautamwona. Wekeni kizuizi cha chuma nyuma, na swichi yenye kufuli. Nyumbani hakuna lango wala mlinzi.

Tena nyumbani hakuna mwajiri. Kiwandani, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali azibe sehemu za hatari za mashini, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awe na bima. Ukiumia, chama kina mlango wa kubisha. Ukiumia katika kibanda chako usiku, ukiwa peke yako, fidia utaidai kwa nani? Na siku utakapomchukua kijana wa jirani akusaidie kwa ujira, wewe ndiwe mwajiri. Sheria zile zile tulizozishika dhidi ya matajiri zitakushika wewe. Bima ya kijana huyo ihesabiwe katika bei ya kazi, kama umeme na mafuta.

Na hapa nina neno ambalo huenda wengine hawatalipenda. Ziko kampuni ambazo huwapunguza mafundi, kisha huwapelekea kazi zile zile nyumbani kwa nusu ya bei. Mashini ni yako, umeme ni wako, kisu ni chako, na kidole ni chako. Wao hulipa kwa kipande tu. Ndugu aliyebaki kiwandani akidai nyongeza, huambiwa iko kazi ya bei rahisi nje. Kwa maoni yangu, fundi mwenye shepa nyumbani afanye kazi ya vinu, ya matrekta, ya milango na mashini za watu wa mtaani. Kazi ya kampuni ikija, aitoze bei kamili: saa zake, za kupanga na za kunoa pia, kuchakaa kwa mashini, na bima. Wakikataa, waajiri mtu.

Ninavyo hapa visu vitatu, kimoja cha kuparura, kimoja cha kulainisha, na kimoja cha mfereji. Vipitisheni mkono kwa mkono mvitazame chini ya makali, halafu mwenye swali aulize.